Siki ya Kahaso Haitiwi Kitu

Kahaso hakuwahi kuonja pombe hata kwa ncha ya ulimi, lakini msimu ule wa embe Garsen nzima ilimsema kuwa ni mpika pombe. Mama wa makamo, mwembamba kama fito, mtandio umefungwa barabara, anapita zake sokoni, na mtu nyuma yake anaropoka: "Leo imeiva?"

Yeye hakuwa mtu wa kupita kimya. Alisimama, akageuka, akamtazama msemaji kuanzia kandambili mpaka kofia.

"Imeiva," akasema. "Lete huo mdomo niutilie, huenda ukaoshika."

Chanzo cha maneno yote hayo kilikuwa mapipa matatu ya plastiki, ya buluu, yaliyopangwa uani kwake chini ya kibanda cha makuti. Kila pipa lilifunikwa kipande cha leso kuukuu kilichofungwa kwa kamba, ili pumzi ipite na inzi wasipite. Ndani mlikuwa na maji ya embe yakigeuka siki. Sasa kugeuka huko ndiko kulikoleta balaa, maana embe haliruki kutoka kwenye utamu mpaka kwenye ukali kama mtu anavyoruka mtaro. Lazima lipite katikati. Na hapo katikati linatoa povu, linachemka bila moto, na linanuka pombe. Si kama linafanana na pombe. Ni pombe.

Kahaso hakumficha mtu jambo hilo. Aliyeuliza alijibiwa: "Ndiyo, sasa hivi ni pombe. Ndiyo maana siuzi, sionji, na wewe sikuonjeshi. Rudi ikishakuwa siki."

Alijuaje kwamba imeshakuwa siki bila kuionja? Kwa pua. Pua hiyo aliipata kwenye maziwa. Alizaliwa upande wa Bangale, katika nyumba ya wafugaji, na tangu msichana alifundishwa kufukiza vibuyu kwa moshi wa kuni maalumu na kujua, kwa kunusa tu mdomo wa kibuyu, maziwa haya ni ya leo, haya yameanza kuganda, haya wape mbwa. Ukame ulipowamaliza ng'ombe, yeye na mumewe Abdimajid waliteremka Garsen na mtoto wao Huka mgongoni. Abdimajid alikaa mjini kidogo, akashindwa, akafuata ng'ombe wa watu huko chini kwenye delta. Aliporudi alikuwa na mke mwingine. Kahaso aliwakaribisha chai, wakanywa, kisha akamwambia mumewe chai ndiyo hiyo, sasa arudi alikotoka. Huka alilelewa na mama mmoja na pua moja, na leo ni mtu mzima ana nyumba yake Hola.

Embe zilikuja baadaye. Huko Wenje, kando ya mto, kulikuwa na mkulima aitwaye Hiribae aliyekuwa na miembe mingi kuliko bahati. Mvua ikiharibu barabara, malori hayafiki, embe zinaanguka na kuoza mpaka ng'ombe wanazikinai. Kahaso alikuwa akinunua kwake za kutengenezea achari. Mwaka mmoja aliisahau ndoo ya maganda na kokwa zilizolowekwa, akaja kuikuta imejifanya siki kali yenye utando juu. Mwanamke mwingine angeimwaga. Yeye aliifunika, akavaa buibui, akaenda kwa Maalim Guracha.

Maalim alikuwa mzee wa sauti ndogo aliyesomesha madrasa karibu na soko la mifugo. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia:

"Ikigeuka yenyewe, Mama Huka, ni halali na ni tohara. Ipikie, iuze. Hata ukiihamisha kutoka kivulini kuipeleka juani, haidhuru. Lakini ukitia kitu ndani kabla haijageuka, kiwe kitunguu, kiwe mkate, kiwe chochote, basi kitu hicho kinanajisika, na siki ikija itakuta najisi imo ndani yake. Wako wanavyuoni wenye kauli nyingine. Sisi hapa tunafuata hii."

"Kwa hiyo kazi yangu ni nini?"

"Kazi yako ni kuiacha."

"Basi umenipa kazi ngumu, Maalim. Mimi sijawahi kuacha kitu."

Lakini aliiacha. Msimu baada ya msimu alimenya, akaloweka, akafunika, akanusa, akangoja. Siki yake ilikuwa kali, yenye harufu ya embe kwa mbali, na ilikuwa na kasoro moja tu: haikutakata. Ukiinua chupa mbele ya macho ulikuwa kama unatazama asubuhi ya ukungu mtoni. Aliichuja kwa leso moja, akaichuja kwa leso mbili, akaiacha itulie mpaka mashapo yakazama chini, ukungu ukabaki pale pale.

Aliyeumia kwa ukungu huo ni rafiki yake Hodan. Hodan alikuwa Msomali mnene, mcheshi, mwenye mkahawa pale stendi zinaposimama basi za Lamu na Malindi, na siki ya Kahaso, iliyotiwa pilipili baada ya kugeuka, ndiyo aliyoiweka juu ya meza zake.

"Abaayo," Hodan alilalama, akimwita dada kwa Kisomali kama alivyozoea, "abiria jana kaishika chupa, kaitikisa, kaniuliza, mama, hii siki ama pombe ya busaa? Basi zima likacheka!"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu nini? Nilicheka na mimi!"

"Ndiyo shida yako. Unacheka na watu wanaokucheka."

Mwenye ploti ndiye ambaye hakucheka. Ploti aliyopanga Kahaso ilikuwa ya Haji Mukhtar, na duka lake lilikuwa mbele, barabarani, hatua chache kutoka mlango wa ua wa Kahaso. Katika duka hilo, kati ya sabuni na majani ya chai, kulikuwa na chupa za siki ya kiwandani, nyeupe kama maji ya bomba. Siku moja, mapipa mawili yakiwa katikati ya kuchemka kwao, upepo uliipeleka harufu mpaka kwenye kaunta yake. Alikuja ameinua kanzu kidogo, kama mtu anayevuka matope.

"Mama Huka, ploti yangu si kilabu cha pombe."

"Hata mimi sijaona viti, Haji."

"Harufu iko mpaka dukani. Wateja wananiuliza."

"Waambie ni embe."

"Embe gani linachemka bila moto?"

"Linalogeuka siki."

"Siki naijua mimi, naiuza. Siki ni nyeupe, unaona upande wa pili. Hii yako ni tope!"

"Ile yako imetoka kiwandani. Mimi sina kiwanda. Nina embe na nina kungoja."

Majirani walishaanza kutokeza vichwa juu ya ua. Mukhtar akaona hadhira, akapandisha sauti. "Ijumaa baada ya swala nakuja hapa na Maalim Guracha. Pipa atakalosema si siki halali linamwagwa barabarani, mbele ya watu wote. Na asipoona hata moja la halali, wewe unahama ploti yangu."

"Na akiliona?"

"Akiliona, mimi sifungui mdomo tena juu ya mapipa yako."

"Rudia kwa sauti, Haji. Wale wa nyuma hawajasikia."

Mukhtar akarudia. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu wa kula maneno yake.

Alipoondoka, Kahaso alifungua leso za mapipa moja moja akanusa. Pipa la kwanza, la embe za mwanzo wa msimu, lilikwisha kugeuka zamani. Harufu yake ilipanda puani kama sindano. Mawili mengine yalikuwa njiani. Pombe ilikuwa inakwisha, ukali unaingia, lakini haujashika. Akayavuta, akiyazungusha kwa ukingo, mpaka katikati ya ua ambapo jua la Garsen halina huruma na mtu wala pipa. Juani yangewahi. Alikuwa na hakika nayo kama zamani alivyokuwa na hakika na kibuyu.

Kilichobaki ni kuyaacha. Na kwa kuwa embe za mwisho za Hiribae zilikuwa zinamngoja Wenje, akampa Hodan ufunguo wa ua.

"Angalia mbuzi wasiyaangushe. Basi. Hiyo tu."

"Hiyo tu," Hodan akaitikia.

Kahaso alirudi Alhamisi kabla ya adhuhuri, amekaa juu ya magunia ya embe nyuma ya pikapu, vumbi limempaka mpaka kwenye kope. Akashusha mzigo, akaingia uani, na kabla hata ya kunawa uso akafungua leso ya pipa lililokuwa juani.

Aliona chini ya pipa. Aliona kabisa, mpaka mshono wa plastiki. Maji yalikuwa manjano mepesi, yametakata kama kioo, na chini kabisa yamelala mashapo meupe, mazito, yaliyotulia. Akafungua la pili, vile vile. Akanusa: siki, kali, imeshika. Kwa kitambo kidogo moyo wake uliruka kama wa msichana. Kisha akainama kutazama chini, kando ya pipa, akaona maganda ya mbegu, makavu, ya kahawia, yenye vijibawa.

Mlonge.

Hakuna nyumba ya mtoni isiyojua mlonge. Maji ya Tana yanapokuja mekundu kwa udongo, unamenya mbegu zake, unaponda kiini cheupe, unakoroga ndani ya ndoo, unaenda zako. Ukirudi tope limezama na maji juu ni ya kupikia chai. Kila mwanamke wa Garsen angefanya hivyo kwa maji machafu, bila hata kufikiri.

Hodan akatokea mlangoni, mikono kiunoni, uso umejaa furaha. "Usinishukuru, abaayo. Wewe kaa tu."

"Ulitia lini?"

"Siku ile ile uliyoondoka. Nikasema, Ijumaa huyu Mukhtar aone upande wa pili mpaka macho yamtoke! Lile la kwanza mbegu hazikunitosha, ningekuwa na zaidi..."

"Siku ile ile," Kahaso akasema. "Kabla hayajageuka."

"Yamegeuka sasa. Nusa!"

"Nimenusa." Akaketi juu ya gunia la embe. "Hodan, nilikwambia mbuzi. Nilikwambia mlonge?"

Akamweleza alichoambiwa na Maalim, neno kwa neno. Hodan alisikiliza, na furaha ikamwondoka usoni kidogo kidogo, ikaanzia machoni ikaishia mashavuni. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti.

"Nani anajua?"

"Mimi."

"Basi. Mimi na wewe. Tunafagia maganda, tunamimina mashapo, kwisha. Maalim ana pua ya kunusa mlonge? Yatapita, Kahaso. Yametakata kuliko ya dukani!"

Na hapo ndipo palipomchoma. Yangepita. Na kama Hodan angekaa kwake akapika mihogo yake, yangepita vile vile na ukungu wao, kwa haki kabisa. Theluthi mbili za kazi ya msimu zilikuwa mbele yake, nzuri kuliko siki yoyote aliyowahi kutengeneza, na zilikuwa si kitu.

"Fagia maganda," akasema. Hodan akafagia haraka, akidhani amejibiwa.

Ijumaa, swala ilipokwisha, ua ulijaa. Mukhtar alikuja mbele, kanzu imepigwa pasi, nyuma yake Maalim Guracha akitembea taratibu na fimbo yake, na nyuma ya Maalim kila mtu aliyekuwa hana kazi Garsen siku hiyo. Hodan alikuwa amefunga mkahawa kabisa. Alisimama karibu na jiko, anatafuna ncha ya mtandio.

"Haya, fungua," Mukhtar akasema.

Kahaso akafungua yale mawili kwanza. Mukhtar akainama. Akatazama ndani muda mrefu, akainuka. "Haya... haya ni safi," akakiri. "Hii ndiyo siki. Naona chini."

Umati ukaguna. Akafungua la tatu. Ukungu. Mukhtar akapata nguvu upya.

"Sasa hili! Hili hata bila Maalim linajulikana. Haya mawili aachiwe, mimi si mtu wa dhuluma. Hili limwagwe."

Maalim Guracha akasogea. Aliyapitia mapipa yote matatu, akanusa moja moja bila haraka, akafuta pua kwa leso. "Yote yana harufu ya siki," akasema. Kisha akamgeukia Kahaso kwa sauti ile ile ndogo. "Kuna kitu kilichotiwa ndani?"

Swali dogo. Jibu lake lilikuwa dogo pia, na lingemwachia kila kitu: mapipa, ploti, jina. Hodan pale jikoni alikuwa anatikisa kichwa polepole, hapana, hapana, sema hapana.

Kahaso akawatazama watu. Akaona wale wa "leo imeiva?" wote wamo, wamenyoosha shingo. Kama angesema uongo kwa ajili ya kuwafunga midomo hao, basi wangekuwa wamesema kweli siku zote: kwamba uani kwake mna kitu cha kufichwa.

"Kimetiwa," akasema, sauti yake ikafika barabarani. "Katika haya mawili safi. Mlonge, kabla hayajageuka. Hili lenye ukungu halikutiwa kitu."

Mukhtar alidhani hakusikia vizuri. "Unasema haya meupe ndiyo mabaya?"

"Ndivyo ninavyosema."

"Nani alitia?"

"Ni uani kwangu, Haji. Kilichotiwa uani kwangu nimekitia mimi."

"Si yeye, ni mimi!" Hodan akalipuka kutoka jikoni, machozi yanamtoka. "Nilitia kwa mapenzi!"

"Nyamaza, Hodan. Hakuna aliyeuliza mapenzi."

Watu wakacheka, na Kahaso hakuwangoja wamalize. Alikwisha kulishika pipa moja kati ya yale mawili safi kwa ukingo. Mtu mmoja akajitolea kumsaidia, Kahaso akamwambia akae kando. Alilizungusha mwenyewe kupitia mlango wa ua mpaka barabarani, mgongo umepinda, kanga inaburura, akaliinamisha. Kisha akarudi akalichukua la pili. Siki ile nzuri, ya rangi ya jua la asubuhi, ikateremka kwenye mtaro ikimetameta, na kwa kuwa mtaro ulikuwa na mteremko wake wa siku zote, ikakimbia moja kwa moja mpaka mbele ya duka la Mukhtar, ikatuama hapo.

"Barabarani, mbele ya watu wote," Kahaso akasema, akijifuta mikono. "Kama ulivyoagiza, Haji. Sasa tumalize na hili."

Maalim akachovya kidole katika pipa lenye ukungu, akaonja. Uso wake wote ukajikunja kuelekea puani, kisha ukafunguka taratibu.

"Hii ni siki," akasema. "Halali."

"Lakini Maalim, huoni upande wa pili!" Mukhtar akalia.

"Mimi sikuulizwa rangi, Haji."

Kahaso akachota kikombe, akampelekea Mukhtar mkononi, mbele ya umati, kwa adabu zote, na mikono miwili. Mukhtar hakuwa na pa kutokea. Akanywa funda. Akakohoa mpaka kofia ikamwanguka.

"Umelewa, Haji?" Kahaso akauliza.

Kelele za kicheko zilisikika mpaka stendi.

Watu walipotawanyika, Maalim alibaki kidogo, akanunua chupa ya nyumbani kwake. Akiwa anaondoka akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kwamba siki ikishageuka na kuwa siki, hapo hakuna tena katazo. Mtu akitaka kutia chumvi, pilipili, hata mlonge, atie.

Hodan alikuwa amekaa chini, macho mekundu. Aliposikia hivyo akaruka. "Abaayo! Basi hili moja lililobaki tulitie sasa! Litatakata, Mukhtar azimie kabisa! Nakwenda kuleta mbegu!"

"Kaa chini."

"Maalim amesema inafaa!"

"Nimesikia inafaa. Halitiwi." Kahaso akafunga leso juu ya pipa, akakaza kamba kwa meno. "Nilisemwa kwa ukungu huu. Nimeshinda kwa ukungu huu. Nitauza na ukungu wake. Anayetaka kuona upande wa pili, akanunue dirisha."

Hodan akataka kukasirika, akashindwa, akaanza kucheka na kulia pamoja. Tangu siku hiyo chupa zilirudi juu ya meza za mkahawa zikiwa na ukungu vile vile, na abiria akiinua moja akauliza kama ni busaa, Hodan hakucheka naye tena. Alimwambia ainywe ajue.

Hasara ilibaki hasara. Pipa moja halitoshi msimu, na Kahaso alijua hivyo kila alipopita kwenye yale mawili matupu. Akaosha mapipa kwa maji ya moto, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akazimenya zile embe za mwisho za Hiribae, akaloweka, akafunika.

Nazo, kama embe zilivyo, zikaanza kuchemka. Asubuhi moja upepo uliipeleka harufu dukani, nzito, tamu, isiyokanika. Mukhtar alitoka mpaka mlango wa ua. Akamwona Kahaso amekaa kwenye kigoda, anamenya, kisu hakisimami. Akafungua mdomo.

Kahaso akainua macho, akangoja.

Mukhtar akaufunga mdomo wake, akarudi dukani, akipitia juu ya mtaro ambao mpaka leo, jua likiwaka, bado unanuka siki.